Hedhi imekoma nikiwa na miaka 37: plasta, vidonge vya homoni au vidonge vya majira?

Asumini wa Tanga

Assalam aleikum na habari za leo wanajukwaa. Nina umri wa miaka 37, ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na mtoto wangu wa pekee ametimiza miaka tisa. Mwaka jana siku zangu zilianza kuruka miezi miwili, kisha mitatu, na tangu Idi iliyopita sijakwenda mwezini kabisa. Nilidhani ni mimba, lakini kipimo kilikataa. Baadaye likaja joto: ninaandika ubaoni, mara moto unapanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho linatiririka chini ya mtandio, na chaki inalowa mkononi mpaka inakatika. Usiku ninabadilisha khanga mara mbili, na asubuhi ninaamka kama sikulala.

Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake alipima homoni ya FSH, ile inayozihimiza ovari na ambayo hupanda zinapolegea, ikaonekana 61, na baada ya wiki sita akairudia ikawa 68. Alipima pia tezi ya shingo, ambayo haina tatizo. Amenieleza kwamba ovari zangu zimepunguza kazi kabla ya wakati wake, na kwamba ninahitaji tiba ya homoni mpaka nifikie miaka 50 hivi, umri ambao wanawake wengi hukoma hedhi. Ametaja plasta ya kubandika, vidonge vya homoni na vidonge vya majira, akaniambia nikafikiri na nirudi baada ya wiki mbili. Nilipopita duka la dawa kuulizia bei, dada aliyekuwa kaunta aliisoma karatasi yangu akaniambia kwa sauti, mbele za watu, kwamba homoni zinaleta saratani ya matiti. Nimetoka pale nikiwa sijui nimwamini nani. Ninaomba waliopitia njia hizi wanilinganishie kwa uzoefu wao.

Mfamasia wa Mwanza

Dada Asumini, wa aleikum salaam, na pole sana. Nianze na hofu ya saratani, kwa kuwa ndiyo inayowafanya wanawake wengi waikunje karatasi ya daktari na kuiweka kabatini. Chanzo chake kikubwa ni utafiti wa Marekani uliotangazwa Julai 2002. Wanawake 16,608 walioshiriki katika sehemu iliyositishwa mapema walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 79, wastani wao ukiwa miaka 63, na waliokuwa kwenye dawa walipewa kidonge chenye estrojeni (homoni ya kike inayotengenezwa hasa na ovari) inayotokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba, pamoja na medroksiprojesteroni, dawa ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni. Ongezeko la saratani ya matiti lilikuwa wagonjwa 8 zaidi kwa mwaka katika kila wanawake 10,000. Sasa jitazame wewe. Mwanamke wa miaka 63 anaongezewa homoni ambazo mwili wake ulishaziacha kwa desturi ya umri, ilhali wewe wa miaka 37 unarudishiwa kile ambacho wenzako wa rika lako bado wanacho mwilini bila kukinunua. Matokeo ya wale hayawezi kuhamishiwa kwako kama yalivyo, na ninasikitika kwamba mtu wa fani yangu alikutisha hadharani kwa jambo asilolijua vizuri.

Katika ulinganisho wako umesahau njia ya nne, nayo ni kutotumia chochote. Njia hiyo ina gharama yake. Estrojeni ikikosekana tangu miaka 37, mifupa hupungua uzito mapema na kuvunjika kwa urahisi uzeeni, na hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka. Joto litapoa lenyewe baada ya miaka kadhaa, lakini mifupa haitakupa taarifa yoyote mpaka siku utakapoteleza bafuni.

Kuhusu njia zenyewe, vidonge vya homoni hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na huko huchochea vitu vinavyogandisha damu, wakati plasta na jeli hupitia kwenye ngozi na kuikwepa njia hiyo. Ndiyo maana mwenye uzito mkubwa, mwenye shinikizo la damu, mwenye kipandauso au aliyewahi kuganda damu mguuni huelekezwa kwenye plasta au jeli. Kwa mwanamke mwembamba mwenye shinikizo zuri na asiyevuta sigara, vidonge bado ni chaguo la heshima. Njia yoyote utakayoichagua, kwa kuwa mfuko wako wa uzazi upo, lazima upate na projesteroni, homoni nyingine ya ovari, kwani estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko huo na baada ya muda inaweza kuleta saratani pale pale. Projesteroni hutolewa kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, na hapo utaona damu, au hutolewa kila siku, na hapo damu kwa kawaida hukoma. Wengine huwekewa kitanzi chenye homoni, ambacho hufanya kazi hiyo hiyo na kuzuia mimba pia.

Jambo moja hukosewa hata na sisi tulio madukani: dozi. Mwanamke wa miaka 52 huanzishiwa dozi ndogo ya kutuliza joto tu. Aliyekoma mapema huhitaji zaidi ya hapo, kwa kawaida plasta ya maikrogramu 100 au estradioli (aina ya estrojeni) ya vidonge ya miligramu 2 au zaidi kwa siku, ili mifupa nayo ishibe. Ukipewa ndogo kuliko hiyo, muulize daktari kwa adabu kama ni ya kuanzia au ndiyo ya kudumu.

Bi Mvita

Mdogo wangu Asumini, mimi niko Mombasa na hali yangu ilikuja kwa kisu. Nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi nikiwa na miaka 41, na wiki ya pili nikiwa nyumbani nilianza kuungua mwili mzima kwa ghafla ambayo siwezi kuielezea. Miezi mitatu ilipita nikinywa dawa za malaria na za shinikizo, mpaka binti yangu alipoisoma karatasi ya kuruhusiwa hospitali akaniuliza kwa nini imeandikwa kwamba ovari zote mbili zimetolewa. Hakuna aliyeniketisha kunieleza, si kabla ya upasuaji wala baada yake. Bado linaniuma, na ninaliandika ili anayesoma hapa akiwa na tarehe ya upasuaji aulize kabla ya kutia saini: ovari zangu zinabaki au zinaondoka, na kama zinaondoka, nitaanza homoni lini?

Kwa kuwa kizazi nacho kilitolewa, ninatumia estrojeni peke yake bila projesteroni. Ninapaka jeli kila asubuhi baada ya kuoga, kwenye paja la kulia na la kushoto kwa zamu, kisha ninasubiri ikauke ndipo nivae. Mjukuu simpakati mpaka niwe nimeshavaa na dawa imekwishaingia, kwa sababu jeli inaweza kuhamia kwenye ngozi ya mtoto.

Tumaini wa Kigamboni

Nilichagua vidonge vya majira nikiwa na miaka 34, na sababu yangu ilikuwa ya wazi: vinapatikana kila mahali, bei yake naimudu, na hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Kwa msichana aliyekoma hedhi mapema ambaye hataki wenzake wajue, kumeza kidonge ambacho nusu ya wanawake wa ofisini wanakimeza ni faraja kubwa, na sitaki mtu aidharau.

Hata hivyo, pakiti ile ina siku saba ambazo hazina homoni. Kwa mwanamke ambaye ovari zake zinafanya kazi siku hizo si neno, lakini mimi kila mwezi nilikuwa ninarudi kwenye joto, maumivu ya kichwa na machozi kwa wiki nzima, na nilipohesabu niliona kwamba robo ya mwaka ninaishi bila dawa. Daktari aliniunganishia pakiti bila kupumzika, na hali ikawa nafuu. Baada ya miaka miwili shinikizo lilianza kupanda, akanihamishia kwenye vidonge vya estradioli pamoja na projesteroni ya usiku. Aliniambia kwamba tafiti ndogo zilizolinganisha njia hizi mbili kwa wanawake kama sisi zimeonyesha nafuu zaidi ya mifupa na shinikizo la damu kwa wanaotumia tiba ya homoni yenyewe. Nami nimeona tofauti kwenye mashine ya kupimia shinikizo.

Zingatia jambo hili pia, dada: tiba ya homoni si uzazi wa mpango. Wanawake wapatao 5 katika kila 100 wenye hali yetu hushika mimba bila msaada wowote, kwa sababu ovari huamka mara moja moja. Kama huhitaji mimba, vidonge vya majira au kitanzi vina nafasi yake.

Msafiri wa Leicester

Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Uingereza, na plasta ninaitumia mwaka wa sita sasa. Ninaipenda kwa sababu hubadilishwa mara mbili tu kwa wiki, na kwangu ni Jumatatu na Alhamisi, siku za sunna, ili nisisahau. Hubandikwa chini ya kiuno, juu ya kalio au pajani, na kamwe isiwekwe kwenye titi. Ngozi iwe kavu na isiwe na mafuta hata kidogo. Nilipokuja Zanzibar likizo mwezi wa Februari, nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi usiku, na asubuhi niliikuta plasta imeganda kwenye khanga, imejikunja kama jani kavu. Tangu hapo nikiwa pwani ninafuta mahali hapo kwa pamba yenye spiriti, ninaacha pakauke, kisha ninaikandamiza kwa kiganja nikihesabu polepole mpaka ishirini. Imeshika hata baharini.

Pamoja na kuipenda, ninakusihi usianze na kitu usichoweza kukipata mwezi ujao. Mwaka 2022 jeli ya estrojeni iliadimika hata huku, wanawake wakawa wanazunguka maduka ya dawa mji mzima, na mimi ambaye wakati huo nilikuwa nimejaribu jeli nililazimika kurudi kwenye plasta. Kama Uingereza ilitokea hivyo, uliza Tanga kabla hujaamua.

Neema wa Mbeya

Ninaishi na virusi vya UKIMWI na hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 39, kwa hiyo ninaandika kwa ajili ya wenzangu ambao hawatauliza. Mwambieni daktari anayewaandikia homoni kwamba mnatumia ARV, na mtaje majina yake, kwa kuwa baadhi, kama efavirenzi, zinaweza kupunguza nguvu ya homoni mwilini. Anayetumia dolutegravi akiandikiwa na vidonge vya kalsiamu, ameze dolutegravi saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake, au avimeze pamoja na chakula. Tenofovi nayo hupunguza uzito wa mifupa kiasi, na mtu akiunganisha hilo na hedhi kukoma mapema anakuwa na sababu mbili za kuilinda mifupa yake. Mimi ninatembea saa moja kila jioni, na dagaa ninawala wazima na mifupa yao.

Rehema wa Nakuru

Nina swali fupi. Nilitibiwa saratani ya matiti na chemotherapi ikakomesha hedhi yangu nikiwa na miaka 40. Je, yote haya yananihusu?

Mfamasia wa Mwanza

Dada Rehema, pole kwa safari hiyo. Kwako homoni za plasta, jeli na vidonge kwa kawaida hazitolewi, na uamuzi wowote ni wa daktari wako wa saratani. Zipo dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto, kama venlafaksini na gabapentini, na kama unatumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, usikubali paroksetini, dawa nyingine ya kupunguza joto, kwa kuwa huidhoofisha tamoksifeni. Dawa hizo hazilindi mifupa, kwa hiyo omba kipimo cha uzito wa mifupa.

Niongeze jambo ambalo nimeulizwa kwa faragha na wanajukwaa wawili. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu si tiba ya homoni. Ina medroksiprojesteroni peke yake, haina estrojeni, na ikitumiwa muda mrefu hupunguza uzito wa mifupa. Kuhusu mizizi na unga unaouzwa kwa jina la kurudisha hedhi, siwezi kumshauri mtu ameze kitu ambacho hakijaandikwa kiasi wala kilichomo.

Asumini wa Tanga

Nimesoma yote mara mbili, na mume wangu amesoma pamoja nami. Nilizunguka maduka matano: plasta ilikuwepo moja tu, boksi moja, na hawajui nyingine itafika lini, ilhali estradioli ya vidonge na kapsuli za projesteroni nimezipata sehemu mbili. Shinikizo langu ni 112 kwa 70 na sina kipandauso. Ninaelekea kwenye vidonge, miligramu 2, na projesteroni ya siku 12 kila mwezi, kwa sababu, niwe mkweli, ninataka kuona siku zangu tena, na bado sijakata tamaa ya kumpata mdogo wake mwanangu. Vidonge vya majira vingeifunga nafasi hiyo ndogo. Linalonitatiza ni Ramadhani, kumeza dawa na damu itakayotoka.

Msafiri wa Leicester

Mdogo wangu, nilipokuwa kwenye vidonge nilikuwa ninakimeza wakati wa daku, na projesteroni baada ya tarawehe, kwa kuwa inaleta usingizi na hufaa mtu akiwa anakwenda kulala. Kuhusu damu, mimi nilimuuliza sheikh wangu nikiwa nimemwandikia tarehe zote, akanijibu kwa utulivu. Nenda na tarehe zako kwa sheikh wenu.

Mfamasia wa Mwanza

Tarehe hizo utazihitaji pia kwa daktari. Tundika kalenda ndani ya mlango wa kabati, weka alama siku ya kwanza ya projesteroni na kila siku unayoona damu. Miezi mitatu ya mwanzo damu inaweza kuja ovyo ovyo, nawe usishtuke. Ikiendelea kutoka nje ya siku zake baada ya miezi sita, au ikizidi wingi, ichukue kalenda hiyo mpaka kwa daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme mlangoni kwamba unatumia estrojeni.