Tuliokulia mabanda ya video Tanga: pambano lako la mieleka la maisha ni lipi? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kamba
Wakuu, juzi nilikatiza Ngamiani, pale lilipokuwa banda la video la magunia ya mkonge. Siku hizi wanauza makava ya simu. Nikamwambia mpwa wangu niliyempakia nyuma, "Hapa ndipo nilipomwona Hogan na The Rock." Akauliza, "Hogan ndiyo nani, anko?" Nilishuka kwenye baiskeli nikaikokota mpaka nyumbani. Marehemu hajamaliza hata muda mrefu kaburini, maana katutoka Julai 2025 tu, na tayari kuna mtoto wa Tanga hamjui!

Langu mimi ni hilo. WrestleMania ya 2002, lile onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka, Toronto, watu 68,237. Sisi tuliiona miezi mingi baadaye, kwa kanda iliyonakiliwa hadi sura za watu zimekuwa za kijani. Hogan aliletwa kama mtu mbaya kabisa. Wiki kadhaa nyuma alikuwa amelichapa na lori gari la wagonjwa, Rock yumo ndani! Tumekaa pale tumejiandaa kumzomea. Kengele ikalia, uwanja mzima ukamshangilia yeye. Rock anageuka huku na huku kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku. Banda letu nalo likageuka. Mzee wa miaka 48 yule, amepigwa, anatikisa kichwa, ananyoosha kidole, na sisi tunapiga kelele mpaka mwenye banda akatishia kuzima deki. Rock alishinda. Walivyopeana mkono mwisho, kuna fundi cherehani mmoja mtu mzima alifuta machozi kwa kanzu. Nilimwona kwa macho yangu.

Haya, tiririkeni.

Binti Chumbageni
Umenikumbusha mbali kaka. Sisi tulikuwa na TV ya chogo sebuleni, na bibi yetu alikuwa anakaa na sisi kuangalia. Undertaker, yule wa kuigiza mzika maiti, akiingia si taa zinazimwa uwanjani? Bibi: "Umeme umekatika, leteni koroboi." Kengele ile ya msiba ikigonga, anaanza Ayatul Kursi kwa sauti, na haachi mpaka pambano liishe. Halafu asubuhi yake anauliza kimya kimya, "Yule maiti alishinda?"

Mpiga Deki
Bibi alikuwa shabiki huyo 😂

Kobe Mkavu
Watu wazima mnalia kwa ajili ya maigizo. Matokeo yanapangwa ofisini. Fungueni uzi wa timu ya Coastal tuongee mambo ya maana.

Mgosi wa Makorora
@Kobe Mkavu, Coastal nayo siku nyingine unaweza kudhani matokeo yamepangwa, na bado unakwenda Mkwakwani.

Hakuna asiyejua kuwa mshindi anapangwa. Sasa wewe nenda kaigize alichofanya Mick Foley Juni 1998, pale Pittsburgh. Lile tundu la chuma linalofunika ulingo lilikuwa na urefu wa futi 16. Walianzia juu yake, yeye na Undertaker. Akatupwa chini, akatua kwenye meza ya watangazaji, meza ikawa kuni. Wakaja na machela. Yuko kwenye machela, anashuka, ANAPANDA TENA. Safari hii dari la tundu likaachia, akaanguka ulingoni, na kiti cha chuma kikamfuata kikamng'oa jino. Jino likakutwa limejificha puani! Na bado kulikuwa na pini za kubandikia karatasi zilizomwagwa ulingoni, na akalazwa juu yake. Ile meza nani aliipanga isiumize?

Sisi baada ya kuona hiyo kanda tulipanda juu ya banda la kuku. Mengine siyasemi, mkono wangu wa kushoto mpaka leo haunyooki vizuri.

Kobe Mkavu
Kwa hiyo umeumia kwa sababu ya maigizo. Umenisaidia hoja.

Chungwa la Muheza
Mimi yangu ni ya uchungu. Kwetu ni ndani ndani huko, umeme haukuwepo. TV moja kijiji kizima, betri ya gari, na betri inapelekwa kuchajiwa Muheza mjini kwa baiskeli. Tukaletewa kanda ya Royal Rumble ya 1994. Watu 30 wanaingia mmoja mmoja, ukirushwa juu ya kamba miguu ikagusa chini, umetoka. Tumekaa zaidi ya saa nzima. Wamebaki wawili, Bret Hart na Lex Luger, wamekumbatiana wanasukumana kambani. Picha ikaanza kusinyaa, ikawa ndogo kama kadi ya kliniki, ikabaki nukta. Betri kwisha.

Kijiji kiligawanyika. Upande wa msikitini walisema Bret, upande wa kisimani wakasema Luger. Mimi Bret, kaka yangu wa kuzaliwa Luger, na tumeshawahi kunyimana chumvi kwa jambo hilo. Kanda yenyewe ilishaondoka kesho yake. Nimekuja kupata intaneti nikiwa na watoto wawili, nikatafuta. Walianguka PAMOJA, miguu ikagusa chini pamoja, wote wakatangazwa washindi.

Nilimpigia kaka simu saa tano usiku.

Mpiga Deki
Akasemaje?

Chungwa la Muheza
Alisema Luger alishinda kidogo zaidi.

Babu Usagara
Vijana mmesahau Kamala, yule Mganda mwenye kitambi kilichochorwa nyota na miezi, anapigana pekupeku. Mzee wangu alipigana Vita ya Kagera. Alikuwa haangalii mieleka hata siku moja, lakini alipoambiwa leo kuna Mganda anapigana na Undertaker, na atakayeshindwa anatiwa kwenye jeneza, alivaa kofia akaja bandani. Lilikuwa la Novemba 1992. Undertaker akamlaza Kamala kwenye jeneza, akafunika, akapigilia misumari. Mzee akasimama, akasema "Safi," akaondoka. Hakurudi tena bandani mpaka anafariki.

Mgosi wa Makorora
Shikamoo babu. Sitaki kukuharibia, ila Kamala hakuwa Mganda. Ni Mmarekani wa Mississippi, jina lake James Harris. Walimtungia tu kwamba eti aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Babu Usagara
Marahaba. Najua. Nilisoma alipofariki 2020. Mzee wangu alitangulia kabla hajajua, na mimi niliona heri.

Kobe Mkavu
Banda analosema Mzee wa Kamba halikuwa la magunia. La magunia lilikuwa barabara ya kumi na tano. Lile lilikuwa la mabati.

Mzee wa Kamba
Kumbe ulikuwa unaingia!

Kobe Mkavu
Nilikuwa nachungulia.

Dogo Mikanjuni
Wazee heshima yenu. Sisi wa juzi letu ni Kofi Kingston na Daniel Bryan, 2019. Mzaliwa wa Ghana, miaka 11 yuko pale anarukaruka tu bila kupewa nafasi, halafu anabeba mkanda mkubwa wanawe wanapanda ulingoni. Nilikuwa nimekesha na bando la usiku peke yangu, nimejiziba mdomo kwa mto nisiamshe watu.

Baharia wa Deep Sea
Nimesoma kimya tangu juzi. Sasa naomba niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, na humu hamnijui.

Aprili 2014. Undertaker alikuwa hajawahi kufungwa WrestleMania. 21 kwa sifuri. Mnaokumbuka mnajua, ile haikuwa rekodi tena, ilikuwa kama jua kuchomoza. Mimi nakaa kwa mjomba, anauza samaki kwa baiskeli, anachukua Deep Sea alfajiri anatembeza mpaka Pongwe. Phoenix nyeusi, breki za fimbo, kariya ya nondo alichomelea mwenyewe ili tenga likae, na kwenye madigadi ya nyuma aliandikisha kwa rangi nyeupe SUBIRA. Jumatatu hiyo mjomba alikuwa na homa. Akanituma niipeleke kwa fundi ikazwe spoku, nirudi nayo.

Nikaipeleka, ikakazwa. Wakati wa kurudi nikapita bandani. Kwa Marekani pambano lilikuwa la Jumapili usiku, huku kwetu tayari ni Jumatatu alfajiri, kwa hiyo mwenye banda alilipata kwenye flashi akalitangaza la saa moja jioni. Mlangoni nikamkuta jamaa yangu mmoja, tumesoma wote. Akasema, "Leo Undertaker anakalishwa na Brock Lesnar." Watu wote pale tulicheka. Akasema, "Anayecheka aweke mzigo." Yeye akaweka simu yake, ya kupangusa, nzuri kuliko ya mtu yeyote mtaani. Mimi sina kitu. Akaangalia baiskeli.

Wagosi, nilikuwa na uhakika. Sikuona kama nacheza kamari, niliona kama nimepewa simu bure.

Pambano lenyewe lilikuwa zito, Undertaker anajikokota, alishapata mtikisiko wa ubongo humo humo katikati. Lesnar akampiga F5, ile ya kumzungusha kutoka mabegani na kumbwaga, Undertaker akanyanyuka. Ya pili, akanyanyuka. Mimi nacheka. Undertaker akamgeuza kichwa chini, ile yenyewe ya kumaliza watu, Lesnar naye akanyanyuka. Halafu F5 ya tatu. Moja. Mbili. Tatu.

Banda lote kimya. Hakuna aliyeamini. Mtu mmoja akasema, "Flashi mbovu hiyo, rudisha nyuma." Mwenye banda akarudisha. Moja, mbili, tatu. "Rudisha tena." Akarudisha. Ikaandika 21 kwa 1 kwenye skrini. Kuna mtoto mdogo akaanza kulia mbele kule. Nikatoka nje, jamaa ameshakaa juu ya baiskeli, anapiga kengele kidogo kidogo.

Mjomba nilimwambia nimeibiwa sokoni. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama wamenipiga. Nikasema hapana. Akasema alhamdulillah. Kesho yake aliamka na homa yake akaenda Deep Sea kwa miguu, tenga kichwani.

Sasa subirini. Wiki mbili baadaye yule jamaa anajisifu maskani: pambano lile alishasoma matokeo yake saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye simu ile ile aliyoiweka.

Mpiga Deki
Duh.

Binti Chumbageni
"Akaniuliza kama wamenipiga." Hapo nimeshindwa kuendelea kwa dakika kadhaa.

Mgosi wa Makorora
Huo ni wizi mtupu. Mdai. Hata leo. Mtu anayejua matokeo hana haki ya kuweka mzigo.

Shangazi Raskazone
Amdai kwa sheria ipi, ya kamari? Kijana, kosa ni lako, baiskeli haikuwa yako. Mjomba yu hai?

Baharia wa Deep Sea
Yu hai shangazi. Hauzi samaki tena, magoti. Na mpaka leo akimwona yule kijana aliyekuwa mbeba mizigo pale sokoni anamwangalia vibaya. Anaamini ndiye.

Shangazi Raskazone
Basi umemwibia na huyo kijana pia. Nenda kaseme, leo hii.

Kobe Mkavu
Asiseme kitu. Mzee na presha yake, umwambie baiskeli ililiwa na Undertaker? Mnunulie nyingine, mwambie polisi wameiokota.

Chungwa la Muheza
Polisi gani wa kuokota baiskeli baada ya miaka yote hiyo! Nenda na kuku wawili na mtu mzima wa kukusemea. Mwanzie kwenye samaki, baiskeli uitaje mwisho.

Babu Usagara
Mimi ningekuwa huyo mjomba ningependa kujua. Ningekuchapa bakora kwanza, halafu ningependa unioneshe hilo pambano.

Dogo Mikanjuni
Jamani na Kofi je? Hakuna aliyechangia kwa Kofi.

Mzee wa Kamba
Dogo subiri. Baharia, hivi yule jamaa aliipeleka wapi baiskeli?

Baharia wa Deep Sea
Aliiuza mwezi ule ule. Nilisikia ilivuka kwenda upande wa Duga, kwa mtu wa maji.

Mpiga Deki
Ngoja kwanza. Kariya ya nondo, umesema? Imechomelewa, siyo ya dukani?

Baharia wa Deep Sea
Ya nondo. Mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, kwa hiyo tenga lilikuwa linaegemea kushoto.

Mpiga Deki
Hapa jirani kuna mzee anauza maji na Phoenix ya hivyo. Madumu yake yanaegemea upande mmoja kila siku tunamcheka. Ila imepigwa rangi ya bluu yote, madigadi sijayaangalia vizuri.

Kobe Mkavu
Chai hiyo. Phoenix za Tanga ziko ngapi?

Baharia wa Deep Sea
Kwaruza kidogo ile bluu ndugu yangu, nyuma, karibu na taa. Herufi ya kwanza tu.

Mpiga Deki
Saa hizi ameshafunga, na ana mbwa. Asubuhi na mapema.

Dogo Mikanjuni
Wakati tunasubiri, mnaonaje Bret na mdogo wake Owen, 1994? Nimeliangalia jana kwa sababu yenu.

Chungwa la Muheza
Usilete habari za ndugu kupigana. Kaka yangu yumo humu, anasoma.