Maboyi wananiachia visu, sasa mzee wa Nyumba Kumi anataka majina yao. Nishaurini

Fundi_Kivumbini: Wadau habari za jioni. Niko Kivumbini hapa Nakuru, kazi yangu ni jua kali, na jioni nafunza maboyi wa mtaa ngumi nyuma ya kibanda changu. Sheria ni moja, huingii na chuma. Kila mtu akifika anaweka kisu kwenye sanduku la bati nafunga na kufuli, wakimaliza wengine walikuwa wanachukua na wengine siku hizi wanaacha tu hapo. Vingi ni vya jikoni, vimenolewa pande zote mbili, na mpini umefungwa raba ya tyubu ya baiskeli ndio usiteleze mkononi. Maboyi wa huku na wale wa Lake View waliokuwa hawapiti mtaa wa wenzao sasa wanavaliana glavu na wakitoka wanasalimiana. Sasa mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa, amekuja anasema chifu anataka orodha, jina la kila kijana na mahali analala. Nikitoa, kesho kibanda kitakuwa kitupu. Nikikataa nitaitwa mlezi wa genge. Silali jameni.

Mama_Wawili: Toa majina kaka. Sisi tuliokuwa Mawanga hapa Nakuru 2022 wakati wanawake wanauawa majumbani mwao hatuwezi sahau. Nilikuwa naingia choo cha nje na panga mkononi, mtoto mgongoni. Nyumba Kumi ililetwa 2013 ndio watu wajuane, wewe unaogopa nini kujulikana?

Bonde_la_Ufa: Ngumi ndio dawa ya Nakuru tangu zamani. Philip Waruinge alikuwa bondia wa hapa hapa, Mexico 1968 akaleta shaba na wakampa tuzo ya bondia bora wa Olimpiki nzima, Munich 1972 akaleta fedha. Baba yangu alikuwa akianza hiyo stori chai inapoa na hakuna mtu anaruhusiwa kuinuka. Endelea tu fundi.

Nyar_Kondele: Huku Kisumu tuna shida hiyo hiyo. Uchaguzi ukikaribia magari yanakuja kukodi vijana, mia tano tano na mawe, kura ikiisha hakuna anayewajua. Ndugu yangu mdogo alipitia hiyo njia, kilichomtoa ni bodaboda ya chama cha mama yangu cha akiba, walimpa kwa mkopo akilipa kila jioni. Mtu akiwa na deni la wamama kumi na watano hana saa ya kurusha mawe 😂 Kwa hivyo fundi, hao vijana baada ya ngumi wanakula nini?

Msomaji_Free_Area: Nyar ameuliza swali la maana. Monrovia kule Liberia watafiti walichukua wanaume 999 waliokuwa kwenye wizi na dawa za kulevya, wengine wakapewa wiki nane za kukaa kwa vikundi kujifunza kutawala hasira na kujiona watu wapya, wengine wakapewa dola 200, wengine vyote viwili. Waliofanya vizuri zaidi ni waliopata vyote viwili, na walipofuatwa baada ya miaka kumi bado tofauti ilikuwa inaonekana. Kuhusu orodha, Chicago kule Marekani daktari wa magonjwa ya milipuko, Gary Slutkin, alianza kutuma watu waliowahi kuwa mtaani wenyewe waingie katikati ya ugomvi kabla haujalipizwa. Hao hawapelekei polisi habari za vijana, kwa sababu siku watakapoonekana wanapeleka, hakuna atakayewafungulia mlango. Mimi nasema usitoe.

Swali_Moja: Ngojeni kwanza. Chifu haamki tu asubuhi akataka majina. Fundi, nani ameumizwa?

Fundi_Kivumbini: Mbona unaniuliza hivyo? Mimi nimeuliza juu ya orodha.

Swali_Moja: Na mimi nauliza juu ya damu.

Fundi_Kivumbini: Sawa. Kuna kijana wa Lake View alidungwa begani usiku wa mpira, ugomvi wa simu. Amelazwa lakini anaongea na anakula. Aliyemdunga ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 16, na kisu kiko kwenye sanduku. Msinirukie. Nimeshaenda kwa mama ya huyo kijana na wazee wawili, bili nimelipa nusu, tumeelewana. Mpwa wangu nimempeleka kwa nyanya yake Bungoma. Sikumficha, nilimwondoa ili wenzake wa yule aliyedungwa wasije kumtafuta, na tangu siku hiyo hakuna aliyerudishiwa kisu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ama sivyo?

Mama_Wawili: Ati mnaelewana? Na kama ni mtoto wangu amelala hapo na mrija?

Kiboko_Rhonda: Hii ni ya kutunga. Kwanza sanduku la visu, halafu mpwa, halafu Bungoma, kila ukurasa na kipya chake. Subirini mtaona, saa tatu itawekwa namba ya simu ya mchango wa glavu.

Bonde_la_Ufa: Hata mimi nilianza kushuku. Fundi tuma picha ya glavu.

Nyar_Kondele: Picha za watoto wa watu mnataka za nini? Ile raba ya tyubu kwenye mpini mtu hatungi akiwa ofisini. Mimi namwamini.

Fundi_Kivumbini: Sitaki senti ya mtu. Usiniamini, lakini nijibu.

Wakili_wa_Mtaa: Nakujibu. Kumdunga mtu kisu si ugomvi wa kawaida, ikionekana ni kujeruhi vibaya sheria inafika kifungo cha maisha, na makubaliano ya familia peke yake hayafungi faili. Familia ya aliyedungwa inaweza kuchukua polisi fomu ya P3, ile daktari anajaza kuhusu majeraha, hata kesho. Lakini Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema mtoto asizuiliwe ila kama njia ya mwisho, kwa muda mfupi, na asichanganywe na watu wazima. Kifungu cha 159 kinatambua upatanisho, kwa hivyo kazi yako na wale wazee haijapotea, ilete mbele ya hakimu. Akikamatwa Bungoma ataonekana alikuwa anatoroka. Akijileta mwenyewe na mama yake na wakili, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Na hicho kisu usikioshe, usikiguse.

Fundi_Kivumbini: Nimeongea na dada, atamleta. Nitapita kwa mama ya yule kijana kwanza asisikie kwa watu. Orodha sitoi, chifu akitaka aje jioni awaone wakifanya mazoezi, aulize majina mwenyewe.

Mama_Wawili: Akija mwambie asije na askari.

Wakili_wa_Mtaa: Na mkifika stesheni msitoke kabla hamjapewa namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikisha matukio. Iandike kwenye karatasi, si kwenye simu.