Yale au Princeton: tulinganishe maisha ya wanafunzi na maadili, majina tunayajua

MamaZuhura_Msa

Assalam alaykum wakuu, na habari za jioni. Binti yangu amekubaliwa Yale na Princeton kwa shahada ya kwanza, na anatakiwa kujibu kufikia tarehe 1 Mei. Suala la fedha limeshatulia, kwa kuwa vyuo vyote viwili huchagua wanafunzi wa nje bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha hufidia kile ambacho familia haiwezi kulipa. Orodha za ubora nazo naomba tuziache. Kila mwaka zinapanda na kushuka, na walimu ni wale wale.

Ninachotaka kukijua ni watu atakaoishi nao. Ana miaka kumi na minane, hajawahi kukaa mbali na kwetu isipokuwa bweni la sekondari. Atakula na nani? Akiugua, nani atajua? Na hayo maadili wanayojisifia, mtu akiwa ndani anayaona wapi? Tovuti zao nimezisoma mpaka macho yamechoka, zote zinasema jumuiya na huduma, huduma na jumuiya. Waliosoma huko au wenye watoto huko, nisaidieni.

Hamisi_NewHaven

Wa alaykum salaam mama, na hongera kwa binti. Nimesoma Yale, kwa hiyo nitasema ya huko tu.

Kabla hajapanda ndege atakuwa ameshapangiwa koleji moja kati ya 14, yaani jumuiya ya makazi ndani ya chuo. Hachagui yeye, wala hapangwi kwa somo, dini au nchi. Utaratibu huu ulianza 1933, na ndio uti wa mgongo wa maisha ya pale. Kila koleji ina ua wake, bwalo lake, maktaba yake, na kijiduka cha chini kiitwacho buttery ambacho wanafunzi wenyewe hukiendesha usiku. Mwaka wa kwanza wengi hulala pamoja eneo la Old Campus, kisha wanahamia ndani ya koleji. Koleji hiyo inabaki yake mpaka anahitimu.

Uliuliza akiugua nani atajua. Kila koleji ina mkuu wake na dean wake (msimamizi wa masomo), na wanaishi humo humo pamoja na wanafunzi. Mwanafunzi akiugua au akifiwa mtihani ukiwa mlangoni, haanzi kuandikia walimu wanne barua nne. Anakwenda kwa dean wake, naye ndiye anayewasiliana na walimu. Kwa mtoto aliyetoka mbali, asiyejua bado mlango upi unabishwa kwa lipi, jambo hilo ni kubwa kuliko jengo lolote zuri watakalokuonyesha kwenye picha.

Kisauni_NJ

Mama Zuhura, mimi ni wa Princeton, na nitakwambia mazuri na magumu yake.

Princeton nayo ina koleji, na mwaka wa kwanza na wa pili wote wanaishi humo. Tofauti inakuja mwaka wa tatu. Hapo wengi wanahamishia mlo wao kwenye klabu za chakula, nyumba 11 kubwa zilizopangana Prospect Avenue, ambazo si mali ya chuo. Baadhi unajiandikisha tu ukaingia. Nyingine zinakufanyia usaili, na wanachama ndio wanaoamua nani aingie. Ni desturi ya zamani, na ilikuwa na ukuta mrefu: chuo kilianza kupokea wanawake wa shahada ya kwanza 1969, lakini klabu za mwisho zilifungua milango kwao mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kesi ya Sally Frank, mwanafunzi aliyezishtaki klabu hizo, iliyoanza 1979.

Sasa maadili. Tangu 1893 Princeton ina kanuni ya uadilifu ambayo chanzo chake ni wanafunzi wenyewe. Nilipokuwa nasoma, mwalimu aligawa karatasi za mtihani, akajibu swali moja mawili, akatoka. Hakuna aliyepita kati ya madawati. Mwishoni unaandika kwa mkono wako kwamba kwa heshima yako hukuvunja kanuni, unatia sahihi. Mtu akishukiwa, kesi inasikilizwa na kamati ya wanafunzi wenzake. Mimi nimetoka shule ambayo tulipekuliwa mifuko na soksi kutafuta mwakenya, vile vikaratasi vya kuibia mtihani. Kuachwa peke yangu na karatasi, na kuaminiwa, kulinibadilisha namna ninavyofanya kazi mpaka leo.

Mwalimu_Iringa

Ndugu Kisauni, umeeleza vizuri, ila umeruka sehemu nzito. Kanuni hiyo haimtaki mwanafunzi asiibie tu. Inamtaka pia atoe taarifa akimwona mwenzake anaibia. Nimefundisha sekondari muda mrefu na nimesindikiza vijana kadhaa kwenye maombi ya vyuo vya Marekani, na hili ndilo linalowashtua kuliko baridi. Kijana wetu amelelewa kwamba mwenzako wa bweni ni ndugu yako. Unamwambia akamshtaki?

Sisemi kanuni ni mbaya. Nasema mzazi alijue kabla, azungumze na binti, asije akakutana nalo siku ya mtihani.

Kisauni_NJ

Mwalimu, shikamoo. Ni kweli, na sikulitaja kwa sababu nilitaka nilijibu lenyewe kwa nafasi yake.

Jukumu hilo lipo na ni zito. Lakini fikiria upande wa pili. Ukimtoa msimamizi chumbani na usiwape wanafunzi jukumu lolote, umewaachia uwanja wenye ujasiri wa kuiba, na anayeumia ni yule mwaminifu aliyekesha. Harvard haikuwa na kanuni ya namna hii kwa shahada ya kwanza. Mwaka 2012 wanafunzi wapatao 125 wa somo moja la siasa walichunguzwa kwa kushirikiana katika mtihani wa kufanyia nyumbani, na wapo waliojitetea kwamba hawakuelewa mpaka wa kusaidiana uko wapi. Kanuni yao ya uadilifu ilianza kutumika 2015. Undugu wa bweni naupenda, lakini undugu wa kufichiana wizi unamla mtu wa tatu ambaye hayupo kwenye mazungumzo.

Mwalimu_Iringa

Marahaba. Hoja ya mtu wa tatu naipokea. Bado nasisitiza mama azungumze na binti.

Mdadisi_Kigali

Samahani, mnazungumzia mitihani na mabwalo, lakini suala la kwanza la jumuiya ni nani ameingizwa ndani. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake uliotoka 2017 ulionyesha vyuo 38 vya Marekani ambavyo vilikuwa na wanafunzi wengi zaidi kutoka asilimia 1 ya familia tajiri zaidi kuliko kutoka asilimia 60 ya chini. Yale na Princeton zote zilikuwemo. Mwaka 2023 watafiti hao walionyesha kwamba watoto wa asilimia hiyo 1 walikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya kusoma katika vyuo vya daraja hili, wakilinganishwa na watoto wa familia za kati wenye alama sawa za mitihani ya kuingilia.

Kwa hiyo mama, popote atakapokwenda, binti atakaa meza moja na watoto ambao likizo kwao ni kwenda kuteleza kwenye theluji milimani. Mtafutie mtu anayemjua vizuri amwambie mapema kwamba hilo halimpunguzii kitu.

Fundi_Cambridge

Naongeza chuo cha tatu kwa ajili ya wadogo zetu wanaosoma uzi huu na bado hawajaomba. Pale MIT, chuo cha sayansi na teknolojia, mtoto wa mhitimu hapewi upendeleo wowote wa kuingia, na mwanafunzi wa nje anachaguliwa bila kuangalia uwezo wa familia, kama Yale na Princeton. Muhula wa kwanza alama zako haziandikwi kwenye rekodi, umefaulu, basi. Maana yake mtu aliyetoka shule isiyo na maabara anapata miezi ya kukamata mwendo bila kuadhibiwa. Bweni unachagua mwenyewe, na yapo mabweni ambayo wanafunzi wanajipikia. Mazoezi ya kila wiki watu wanayafanya kwa makundi mpaka usiku, kila mmoja anaandika yake mwishoni. Lakini MIT si ya kila mtu. Hata mwanahistoria atasoma kalkulasi na fizikia, atake asitake.

Hamisi_NewHaven

Nikirudi kwa mama na maadili. Chuo unakijua zaidi kikibanwa. Koleji moja ya Yale ilikuwa na jina la John C. Calhoun, mhitimu wa 1804, makamu wa rais wa Marekani na mtetezi mkubwa wa utumwa. Kwenye dirisha la bwalo lake kulikuwa na kioo cha rangi kilichochorwa watumwa wamebeba pamba. Aprili 2016 uongozi uliamua jina libaki. Miezi miwili baadaye mfanyakazi mmoja mweusi wa bwalo hilo alikivunja kioo kwa mpini wa ufagio. Alikamatwa, akaacha kazi, kisha mashtaka yakafutwa na chuo kikamrudisha kazini. Februari 2017 jina likabadilishwa. Sasa ni koleji ya Grace Hopper, mwanahisabati wa kompyuta. Mwaka huo huo ikafunguliwa koleji ya Pauli Murray, mwanasheria mweusi aliyewahi kufundisha sheria Ghana.

Princeton nayo iliondoa jina la Woodrow Wilson, rais wa zamani wa Marekani aliyeunga mkono ubaguzi wa rangi, kwenye shule yake ya sera mwaka 2020, baada ya wanafunzi kulidai hilo kwa miaka. Nayataja haya kwa sababu binti atakuta mabishano. Vyuo hivi vinabadilika kwa kusukumwa, na wanaosukuma mara nyingi ni wanafunzi na wapishi.

MamaZuhura_Msa

Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea Zuhura mpaka sehemu ya klabu, akauliza swali ambalo nalileta kama lilivyo: asipochaguliwa, au akikataa kusailiwa ili ale chakula, atakula wapi? Na Ijumaa je?

Kisauni_NJ

Swali zuri sana, mwambie hivyo. Njia zipo nne. Kwanza, klabu zisizo na usaili. Pili, anaweza kubaki na mlo wa koleji. Tatu, vikundi vya kupika: wanafunzi wachache wana jiko lao, kila mmoja ana zamu yake kwa wiki, siku nyingine unakuta chakula tayari. Nne, anajitegemea kabisa, anapata chumba chenye jiko karibu. Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha kupika. Zamu yangu niliwapikia maharagwe ya nazi na wali, na Mkorea wa kikundi chetu akawa anaomba yarudiwe kila mwezi. Ada ya klabu ni kubwa kuliko mlo wa koleji, ila msaada wa fedha wa mwaka wa tatu na wa nne huongezwa kwa kuzingatia hilo.

Ijumaa: Princeton ilimwajiri Imamu Sohaib Sultan mwaka 2008, akawalea wanafunzi Waislamu mpaka alipofariki 2021, na kazi yake inaendelea. Ofisi za dini zipo jengo la Murray-Dodge. Chini yake kuna mkahawa wa wanafunzi unaotoa chai na biskuti za moto bure usiku, kwa yeyote anayeingia. Wengi wa rafiki zangu niliwapata pale.

Hamisi_NewHaven

Yale pia kuna imamu wa wanafunzi na mahali pa swala. Kwa hilo hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mdadisi_Kigali

Kwa haki niongeze: Princeton imejitahidi tangu takwimu zile. Wanafunzi wa familia za kipato cha chini wanaopata ruzuku ya serikali ya Marekani sasa ni zaidi ya mmoja kwa kila watano katika madarasa mapya, na tangu 2018 wamerudisha nafasi za kuhamia kutoka vyuo vya jamii (vyuo vya miaka miwili) na kwa waliotoka jeshini. Nilitaja ubaya, na hili nalo litajwe.

Mwalimu_Iringa

Mama, kitu kimoja cha mwisho kwa upande wangu. Princeton karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa nne anaandika tasnifu yake mwenyewe chini ya mwalimu mmoja. Michelle Obama, akiitwa bado Michelle Robinson, aliandika yake 1985 juu ya wahitimu weusi wa chuo hicho hicho na uhusiano wao na jamii walikotoka, na akakiri kwamba pale alijihisi mweusi kuliko alivyowahi kujihisi. Chuo kilimpa nafasi ya kukihoji kikiwa bado kinamfundisha. Zuhura akiwa mtu wa kupenda kuchimba jambo moja kwa kina, hilo aliweke kwenye mizani. Akiwa mtu wa kuhitaji nyumba moja isiyobadilika kwa miaka minne, aliyosema Hamisi yana uzito zaidi.

MamaZuhura_Msa

Mwalimu, umemfahamu kama uliyemfundisha. Ni mtu wa kuchimba, lakini pia ni mtu wa watu wachache anaowajua sana. Anasema leo anaelekea Yale kwa sababu ya koleji, ila ameomba aongee na wasichana wawili wa kutoka huku walio mwaka wa tatu, mmoja kila chuo, kabla ya kujibu. Hamisi na Kisauni, mkiwa na mtu wa kumuunganisha naye, niandikieni kwa ujumbe wa faragha.

Kisauni_NJ

Nimekuandikia sasa hivi mama. Huyo binti ni wa mwaka wa tatu, yuko kwenye kikundi cha kupika, na Jumapili mchana kwa saa za kwao ana nafasi.