Tupeane uzoefu: Sarafu zako za kidijitali (bitcoin, USDT) ziko kwenye pochi ya mtandaoni au isiyoshika mtandao?

Mlinzi wa Kijitonyama:
Wakuu, salaam. Mjadala wa pochi ipi ni salama huishia kwenye ubishi wa majina, Ledger au Trezor (vifaa), Trust Wallet au MetaMask (programu), wakati cha kuuliza ni kimoja: ufunguo wa siri, ule unaosaini kila sarafu inapotoka, unakaa wapi, na nani anaweza kuufikia bila wewe kujua. Tuwekeane hapa mambo ya kutumika. Habari za nani kapata faida kiasi gani zina nyuzi zake.

Naanza. Mafungu ni matatu. La kwanza, sarafu zikiwa kwenye soko la mtandaoni, Binance au kwingineko: ufunguo ni wa soko, wewe una akaunti tu. Soko la Mt. Gox lilipoanguka 2014, na la FTX Novemba 2022, wateja walibaki wanaangalia tarakimu kwenye skrini. La pili, pochi ya simu: ufunguo ni wako, ila umo ndani ya kitu kilichowashwa intaneti mchana kutwa. La tatu, kifaa maalumu: muamala unaletwa kwenye kifaa, unasainiwa humo humo, kinachotoka ni saini. Ufunguo hautoki.

Kwa anayenunua na kuuza USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola) kila siku, fungu la tatu litamchosha. Kwa aliyeweka bitcoin ya kusomeshea mtoto, fungu la kwanza ni kujitafutia presha. Wengi tunahitaji mawili kwa pamoja: kiasi cha matumizi ya wiki kwenye simu, akiba kwenye kifaa. Kipimo changu: kiasi usichothubutu kutembea nacho taslimu Kariakoo usikiweke kwenye simu.

Na tukumbuke, tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilisema sarafu hizi si fedha halali nchini. Ikikupotea, usitegemee dirisha la kupeleka malalamiko.

Dada Tabata:
Naongezea la maneno 12 (au 24), yale unayopewa na pochi ya kurejeshea ufunguo, maana huko ndiko watu wanakolia.

Maneno yanatoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2048 ya Kiingereza. Herufi nne za mwanzo zinatosha kutambua neno lolote kwenye orodha hiyo, hakuna mawili yanayofanana hapo. Kwa hiyo ukiandika kwa mkono, herufi nne za kwanza ziwe wazi kabisa, a isifanane na u, n isifanane na r. Andika kwa herufi kubwa, na weka namba kila neno, kwa sababu mpangilio ukivurugika ni sawa na kutokuwa nayo.

Neno la mwisho limebeba alama ya ukaguzi. Ukikosea neno moja, mara nyingi programu itakataa papo hapo. Mara nyingi, si zote: kwenye maneno 12, kosa moja kati ya 16 linapita, na linakufungulia pochi nyingine tupu. Watu wanadhani wameibiwa kumbe wameandika vibaya. Ukiona pochi tupu baada ya kurejesha, tulia, hakiki neno kwa neno kwenye orodha kabla ya kumpigia simu mtu yeyote.

Na hakuna skrinishoti, tafadhali. Picha inaweza kupanda Google Photos yenyewe ukiwa umelala. Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kirusi walichokiita SparkCat, kilichokuwa ndani ya programu za Android na hata za iPhone: kazi yake ni kupekua picha za simu na kusoma maandishi yaliyomo kutafuta maneno hayo. Kutuma WhatsApp kwa namba yako mwenyewe, ni yale yale. Kuhifadhi kwenye barua pepe kama rasimu, ni yale yale.

Kapuku Mjanja:
Mkuu Mlinzi, sasa sisi wa P2P, tunaouziana mtu kwa mtu, tufanyeje? Sarafu lazima ziwe sokoni ili uweke tangazo.

Mlinzi wa Kijitonyama:
Ziwepo, mkuu, ila kiasi cha biashara ya siku mbili tatu. Zinazozidi zitoe. Kisha kwenye akaunti ya soko fanya haya:

Msimbo wa kuingia utoke kwenye programu ya misimbo, usitegemee SMS. Namba ya simu inaweza kuhamishiwa laini nyingine, na aliyeihamisha anapokea SMS zako zote. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoifahamu, nenda duka la mtandao huo wa simu na kitambulisho ikafutwe.

Washa orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupokea. Mwizi akiingia hawezi kutoa kwenda kwake mpaka aongeze anwani mpya, na hapo unapata taarifa mapema.

Weka neno la utambulisho ambalo soko litaliandika kwenye kila barua pepe yao. Barua isiyo na neno hilo, futa.

Kwenye P2P yenyewe, usiachie sarafu kwa kuona SMS ya "umepokea". SMS ya kughushi inakuja na jina na kiasi kama ya kweli. Ingia *150*00# ya M-Pesa au menyu ya mtandao wako, angalia salio, ndipo uachie. Na jina la aliyelipa lifanane na la akaunti ya P2P, la sivyo unapokea pesa iliyoibiwa kwa mwingine na laini yako ndiyo itakayofungwa.

Mnyamwezi wa Ubungo:
Wengi hapa Dar wanatumia USDT ya mtandao wa Tron, yaani TRC-20, na mnaongea kama kila mtu ana bitcoin. Nami niongelee hiyo.

Anwani ya Tron inaanza na T. Ya Ethereum inaanza na 0x. Ya bitcoin ya siku hizi inaanza na bc1. USDT ni ile ile kwa jina, mtandao ni tofauti. Kabla ya kununua kifaa hakikisha kinasoma mtandao unaoutumia. Coldcard kwa mfano ni ya bitcoin peke yake, ukiinunua kwa ajili ya USDT umenunua pambo.

Kutuma USDT ya Tron kunahitaji TRX, sarafu ya Tron ya kulipia ada, humo humo kwenye pochi. Watu wanahamisha USDT yote kwenda kwenye kifaa, siku ya kutoa wanakwama kwa sababu hawana hata TRX moja. Na kutuma kwa anwani ambayo haijawahi kushika USDT kunagharimu karibu mara mbili ya anwani iliyokwisha kuwa nayo. Acha TRX za kutosha kutuma mara kadhaa, usipige hesabu ya mara moja.

Kuna mtego nao. Unaona mtu kwenye maoni ya YouTube ameweka maneno yake 12 hadharani, eti "nina USDT humu sijui kuzitoa, nisaidieni". Unaingia, USDT unaziona kweli, hakuna TRX. Unatuma TRX zako ziwe ada. Hazitumiki kamwe, kwa sababu mamlaka ya kusaini kwenye pochi hiyo yamehamishiwa anwani nyingine. Tamaa yako ndiyo waliyoivua.

Na mwingine: unatumiwa senti kidogo na anwani ambayo herufi zake za mwanzo na mwisho zinafanana na ya mtu unayemtumia mara kwa mara. Wanategemea kesho utanakili kutoka kwenye historia. Usinakili kwenye historia. Hifadhi anwani kwa jina, na linganisha pia herufi za katikati.

Fundi Gerezani:
Kuandika maneno kwenye karatasi, kwa hali ya hewa ya Dar, ni tatizo. Unyevunyevu, mchwa, bati linavuja masika, wino wa kalamu unasambaa. Penseli inavumilia maji kuliko wino, ila moto ni moto. Gonga kwenye chuma.

Vinavyohitajika: washa pana za stenlesi (vile viduara vya kuwekea chini ya nati), tundu milimita 8, upana milimita 24. Washa 24 kama una maneno 24, ongeza tano za kujifunzia. Seti ya herufi na namba za kugongea za milimita 3, nyundo ya kilo moja, kipande kizito cha chuma cha kuwekea chini. Bolti ya stenlesi ya milimita 8, urefu milimita 70, na nati mbili. Kwa maneno 12 bolti ya milimita 40 inatosha.

Kila washa neno moja: upande mmoja namba, upande wa pili herufi nne za kwanza. Neno la herufi tatu gonga tatu. Piga pigo moja zito, ukirudia rudia herufi inakuwa pacha na haisomeki. Ukimaliza zipange kwenye bolti kwa namba, kaza nati ya kwanza, ya pili iifunge.

Angalia usiuziwe chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Chukua sumaku: stenlesi nzuri haivutwi au inavutwa kidogo sana. Ile ya zinki itashika kwa nguvu na kwa upepo wa bahari wa Kigamboni au Msasani baada ya miaka michache ina kutu. Ukipata daraja la 316 ni bora kwa chumvi, 304 nayo inafaa ikikaa ndani. Aluminiamu usiguse, inayeyuka kwenye nyuzi 660, moto wa nyumba unafika huko. Stenlesi ni karibu 1400.

Na gonga mwenyewe. Usimpe fundi orodha ya maneno yako akugongee, hata kama ni mimi.

Kapuku Mjanja:
Fundi umetisha. Sasa kifaa chenyewe kinanunuliwa wapi? Nimeona mtandaoni mtu anauza Ledger "mpya" kwa nusu bei.

Dada Tabata:
Usinunue hiyo, mdogo wangu. Nunua kwa mtengenezaji au wakala aliyeorodheshwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Vipo vya chini ya dola 100, ongeza usafiri na ushuru. Kama unamtumia mtu wa mzigo, boksi lije bila kufunguliwa.

Likifika, jambo moja linakata mzizi wa fitina: kifaa kipya hakina maneno. Maneno kinayatengeneza mbele yako, kwenye skrini yake ndogo. Ukikuta kikadi kwenye boksi chenye maneno 24 yaliyokwisha kuandikwa, eti "tumia haya", hayo ni ya mwizi. Utaweka pesa, atasubiri zijae.

Baada ya Ledger kuvujishwa taarifa za wateja 2020, watu walipokea kwa posta vifaa bandia na barua za "kubadilisha kifaa chako". Mtengenezaji halisi hakuombi maneno yako kwa simu, barua, wala tovuti. Na unapoagiza, anwani ya ofisini au ya sanduku la posta ni bora kuliko ya nyumbani.

Hatua za kuanza: programu yake pakua kutoka tovuti yao, usipitie tangazo la Google. Kagua uhalisi wa kifaa kupitia programu hiyo. Weka PIN ya tarakimu nane. Andika maneno. Tuma kiasi kidogo. Kisha, hii ndiyo watu wanaruka, kifute kabisa. Kwenye Ledger unakosea PIN mara tatu kinajifuta. Rejesha kwa maneno uliyoandika. Kile kiasi kidogo kikionekana, sasa peleka akiba. Usiweke akiba kwenye nakala ambayo hujawahi kuijaribu.

Chai ya Rangi:
Naona mnasifia kifaa kama hirizi. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa karibu dola bilioni 1.5 za ether (sarafu ya Ethereum) kutoka kwenye pochi yake baridi, yaani isiyoshika mtandao, yenye watu kadhaa wa kusaini. Funguo hazikuibiwa. Skrini za kompyuta zilionyesha muamala wa kawaida, kilichosainiwa kilikuwa kingine.

Kifaa kinakulinda kama unasoma skrini ya kifaa. Anwani na kiasi vilivyo kwenye kifaa ndivyo vya kweli, vya kwenye simu ni maoni tu. Kikikuonyesha mlolongo wa herufi usioeleweka, kataa. Na ukiwa umeunganisha kwenye tovuti za kubadilishana tokeni (sarafu kama USDT), ile ruhusa ya "kiasi kisicho na kikomo" uliyoipa tovuti kuchukua tokeni zako inabaki hata ukichomoa waya. Pita revoke.cash mara kwa mara ufute ruhusa za zamani.

Mnyamwezi wa Ubungo:
Kweli kabisa. Na wasio na hela ya kifaa: simu ya zamani ya Android inafanya kazi kwa bitcoin na ether. Irudishe kama ilivyotoka kiwandani, iunganishe Wi-Fi mara moja tu, weka AirGap Vault, kisha toa laini, sahau Wi-Fi, washa hali ya ndegeni, basi, haionji intaneti tena. Simu yako ya kila siku inakuwa na programu mwenzake inayoonyesha salio na kuandaa muamala. Muamala unahama kwa msimbo wa QR: kamera ya simu ya zamani inausoma, inasaini, inatoa QR nyingine, unaisoma na kuituma.

Kinachosumbua ni betri. Ikikaa imekufa mwaka mzima inaweza kuharibika. Ichaji hadi nusu kila baada ya miezi mitatu. Ikifa kabisa hujapoteza kitu, maneno yapo. Na usiipeleke kwa fundi simu na pochi ikiwa ndani, futa kwanza.

Kapuku Mjanja:
Na simu ya kawaida ikikwapuliwa na vishandu, yenye Trust Wallet, imefunguliwa?

Mlinzi wa Kijitonyama:
Hapo ni dakika. Ndiyo maana programu ya pochi iwe na PIN yake, tofauti na ya simu. Azima simu ya mtu unayemwamini, weka programu, tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, yaandike. Kisha rejesha ile ya zamani humo na hamisha kila kitu kwenda mpya, ukianza na chenye thamani kubwa. Kosa la wengi ni kurejesha ya zamani na kupumua: maneno ni yale yale, mwizi bado ana mlango. Baada ya hapo funga laini, badilisha pasiwedi ya Google, na futa pochi zote mbili kwenye simu ya kuazima ukishahamishia kwako.

Ukirejesha ukaona sifuri, angalia mambo mawili kabla ya kupaniki. Tokeni inaweza kuwa imefichwa tu kwenye orodha, iwashe. Kwa bitcoin, programu mbili zinaweza kutumia njia tofauti ya kuzalisha anwani kutoka maneno yale yale, na Electrum, programu ya pochi ya bitcoin, ina mfumo wake wa maneno usioingiliana na wa pochi nyingi. Kwa hiyo kwenye nakala yako ya maneno andika pia jina la programu uliyoanzia.