Omeprazoli, misoprostoli au vidonge vya magnesiamu: kipi kinalinda tumbo la anayemeza diklofenaki?

Kijana_wa_Kirumba: Wakuu, habari za jioni. Bi mkubwa ana miaka 67, anaanika dagaa soko la Mwaloni, kuinama na kuinuka siku nzima, magoti yamechoka. Anajinunulia diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani, na zamani aliwahi kuugua vidonda vya tumbo. Nataka apate dawa ya kumkinga. Duka moja wanasema omeprazoli, jingine misoprostoli, jirani anasema magnesiamu ya kutafuna inatosha. Nishike ipi?

Dagaa_Mchele: Mpelekeni akachome sindano ya diklofenaki, ile haipiti tumboni.

Mfamasia_Igoma: Hapana ndugu yangu, imani hiyo ya sindano inaumiza watu wengi. Dawa za jamii ya diklofenaki, asprini ikiwemo, haziharibu tumbo kwa kuligusa tu. Zikishaingia kwenye damu zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali ambazo ndizo zinazofanya ukuta wa tumbo utoe ute na upate damu ya kutosha. Mwanasayansi John Vane alilionyesha hilo kwa asprini mwaka 1971, akapewa Nobeli 1982. Iwe kidonge au sindano, tumbo linafikiwa.

Kwa kinga, mimi naanza na omeprazoli: mg 20 mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Inapunguza asidi yenyewe, na inakinga tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo mdogo. Wengi wanaimeza siku tumbo likiuma tu, na hapo hakuna kinga. Inamezwa kila siku, kwa muda wote mtu anaotumia diklofenaki.

Magnesiamu inatuliza kiungulia kwa muda, kidonda haizuii.

Mama_Ukerewe: Misoprostoli niliwahi kupewa. Kuhara na tumbo kukata, safari ya feri kwenda Nansio niliteseka sana.

Mfamasia_Igoma: Pole mama. Yenyewe ni prostaglandini ya kutengenezwa, inarudisha kile ambacho diklofenaki imekizuia, kwa hiyo kukinga inakinga kweli. Lakini dozi kamili ni mikrogramu 200 mara 4 kwa siku, na wengi wanaiacha kwa sababu ya huko kuhara. Tena nyumbani kukiwa na mjamzito, tafadhali isiachwe ovyo: inakaza mji wa mimba na inaweza kuitoa.

Mvuvi_Mstaafu: Mbona hamuulizi kama hiyo diklofenaki yenyewe ni lazima? Magoti yangu nayapaka ile ya jeli. Na presha ya mama ikoje?

Kijana_wa_Kirumba: Shikamoo mzee. Presha anayo, na kila siku anameza asprini ndogo ya moyo.

Mfamasia_Igoma: Hapo mambo yamebadilika kabisa, na mzee kauliza swali ambalo mimi nilipaswa kuanza nalo. Umri umepita 65, kidonda cha zamani, asprini, halafu diklofenaki juu yake: hatari ya tumbo kutoka damu ni kubwa, na diklofenaki inapandisha presha na kuuelemea moyo. Kuna watakaokushauri selekoksibu, dawa nyingine ya maumivu, kwa kuwa ni nafuu kwa tumbo. Ni kweli, ila akiwa kwenye asprini unafuu huo unapungua sana, na moyo bado una hatari.

Vidonge vya diklofenaki avisimamishe. Kwa sasa parasetamoli, na jeli kwenye magoti, maana inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Asprini asiikatize bila daktari. Omba apimwe bakteria wa vidonda, *Helicobacter pylori*, kwa kinyesi, na kipimo kitangulie kabla hajaanza omeprazoli, vinginevyo jibu linaweza kusema hana wakati anao. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, msisubiri kupambazuke.

Kijana_wa_Kirumba: Choo nimemuuliza sasa hivi, anasema ni cha kawaida. Kesho tunaenda hospitali ya Sekou Toure, dawa zake zote nazibeba kwenye mfuko daktari azione.

Mama_Ukerewe: Zibebe na zile za kienyeji kama anatumia, mwanangu.