Wanafunzi wakiwafundisha wazazi na walimu kutumia vifaa saidizi: mnapangaje vipindi?

Mwl_Zamu:
Habarini wakuu. Klabu ya kompyuta ina wanafunzi kumi, umri miaka 13 hadi 16. Wataendesha vipindi vinne vya dakika 60: TalkBack (programu ya simu za Android inayosoma skrini kwa sauti) kwa wazazi wenye watoto wasioona, NVDA (programu kama hiyo ya kompyuta za Windows) kwa walimu, Google Classroom (darasa la mtandaoni) kwa familia, na maikrofoni za darasani kwa ajili ya watoto wanaovaa shimesikio, yaani vifaa vya kusaidia kusikia. Tatizo kwenye mazoezi ni lile lile kila mara: mwanafunzi ananyakua simu, anabonyeza chapuchapu, anauliza "umeona?" Mzazi anaitikia "nimeona", na hajaona kitu. Naomba kujua waanze na nini, wagawanywe vipi, na nini wasikiguse kabisa. Halafu wapo walimu wanaoona haya kufundishwa na mtoto. Hao nao tuwafanyeje?

Nukta_Sita:
Mwalimu, weka sheria moja kabla ya zote: mkufunzi mdogo haigusi simu ya anayejifunza. Mikono mgongoni kama hajiwezi. Anaelekeza kwa maneno, na mwenye simu ndiye anayebonyeza. Mzazi mmoja kwa mkufunzi mmoja, kazi moja kwa kipindi.

Kwa TalkBack, somo la kwanza ni kuizima. Ikishawaka, kidole hakifanyi tena kazi yake ya kila siku: ukigusa mara moja inasoma na kuzungushia fremu kile ulichogusa, ukitaka kukifungua unagonga mara mbili haraka, popote pale kwenye skrini, kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Asiyejua hayo anadhani simu imeharibika, anaanza kuipigapiga, nayo inazidi kubwabwaja.

Kwa hiyo ingieni Mipangilio, tafuteni sehemu ya ufikivu (simu nyingi zina alama ya mtu aliyenyoosha mikono), kisha TalkBack, na muwashe njia yake ya mkato: vitufe viwili vya sauti vikishikiliwa pamoja kwa sekunde tatu hivi. Jaribuni hapo hapo, maana kuna simu ambazo mara ya kwanza huleta dirisha la kuomba uthibitisho. Mzazi awashe na kuzima mara tano kwa mkono wake. Hapo hofu inapungua, na ndipo mnaendelea: kutelezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, kushoto kurudi, kugonga mara mbili kufungua, kisha kumpigia mtu mmoja simu mwanzo hadi mwisho. Kwa saa moja hiyo inatosha kabisa.

Mambo yanayoharibu kipindi:

Sauti. Kama injini ya sauti ni ya Kiingereza, itasoma Kiswahili kwa matamshi ambayo hata mwenye lugha haelewi. Sauti ya Kiswahili hupakuliwa kwenye mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa matamshi, na inahitaji intaneti. Pakueni siku moja kabla, msisubiri wazazi wawe wameshakaa.

Kasi. Mtoto aliyezoea husikiliza kwa kasi ambayo mzazi haambulii neno. Msipunguze kasi kwenye simu ya mtoto, maana akirudi nyumbani anakuta kifaa chake kimevurugwa. Mzazi ajifunzie kwenye simu yake mwenyewe.

Kuandika. Kwenye simu nyingi unatelezesha kidole juu ya kibodi hadi usikie herufi unayotaka, kisha unainua kidole na herufi inaandikwa. Nyingine hutaka ugonge mara mbili. Angalieni kila simu inafanya lipi kabla ya kufundisha.

Na tafadhali, vitambaa vya kuwafunga wazazi macho viacheni. Ni maigizo. Mzazi anayeona anajifunza ili aweze kumsaidia mtoto akikwama, kwa hiyo mwacheni aone fremu inavyohama. Kama klabu ina mwanafunzi asiyeona na mwenyewe anataka kufundisha, huyo ndiye mkufunzi wenu mkuu. Asipotaka, asisukumwe mbele kama maonyesho.

Kibodi_Tu:
Upande wa walimu mimi ningegeuza mada. Mwalimu anayeona hahitaji kuimudu NVDA. Anahitaji kutengeneza karatasi ambayo NVDA inaweza kuisoma. Mpeni kazi hii: alete mtihani wake mwenyewe, mwanafunzi aufungue kwenye kompyuta yenye NVDA, wausikilize pamoja. Dawa ya walimu wanaoona haya ni hiyo hiyo, maana kinachokosolewa ni karatasi wala si mwalimu, na aliyeshika usukani wa somo bado ni yeye.

NVDA ni ya bure. Unaweza kutengeneza nakala ya kubebeka kwenye flashi, hivyo kompyuta za shule hazisakinishwi chochote. Angalizo: Ctrl+Alt+N ya kuiwasha hufanya kazi pale iliposakinishwa, ya kwenye flashi unaifungua mwenyewe kutoka kwenye folda yake. Amri za kuanzia ni chache. Ctrl kunyamazisha. Insert+mshale wa chini kusoma mfululizo (ukichagua mpangilio wa kompyuta mpakato ni Insert+A). Insert+Q kufunga. Kama kibodi haina Insert, kwenye dirisha la kukaribisha weka alama kwenye Caps Lock itumike badala yake.

Sasa mtakayoyasikia kwenye mtihani:

Vichwa vilivyokolezwa na kukuzwa tu si vichwa. Mwalimu atumie mitindo ya vichwa ya Word. Hati ikishakuwa hivyo, mwanafunzi anabonyeza Insert+spesi kuingia hali ya kusoma, kisha herufi H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila mitindo, anasikiliza kurasa sita kulifikia swali la 14.

Nukta za kujazia jibu (..........) ama husomwa kama takataka ama hurukwa, na mtahiniwa hajui aandike wapi. Andikeni "Jibu:" kisha mstari mtupu.

Mchoro usio na maelezo mbadala (maandishi yanayoambatanishwa na picha ili yasomwe kwa sauti) husomwa kuwa ni picha, basi. Maelezo yaseme kile swali linachohitaji. "Mchoro wa pembetatu" haumsaidii mtu. "Pembetatu ABC, pembe B ni nyuzi 90, AB sentimita 3, BC sentimita 4" unamsaidia.

PDF iliyoskaniwa ndiyo balaa lenyewe: ukimya mtupu. Kipimo chake ni rahisi, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likigoma, hiyo ni picha ya maandishi. Insert+R kwenye Windows 10 na kuendelea hujaribu kuyatambua, lakini mwandiko wa mkono usiutegemee. Leteni faili la asili.

Sikio_la_Pili:
Kwenye maikrofoni nafupisha. Ya kubana kwenye nguo ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo, mbali na mtandio, mkufu au kamba ya kitambulisho, kwa sababu msuguano wa nguo huingia moja kwa moja sikioni mwa mtoto. Mwalimu aizime anapotoka darasani. Akisahau, mtoto anasikia maongezi yote ya ofisini. Mwanafunzi mwingine akijibu, apewe maikrofoni, au mwalimu alirudie jibu. Hapo ndipo wengi huteleza.

Betri za shimesikio, zile vidonge vya zinki na hewa: ukishabandua karatasi yake imeanza kuisha, hata ukiibandika tena. Ibandue wakati wa kuitumia tu, ngoja kama dakika moja, ndipo uingize. Rangi ya karatasi ni saizi: njano 10, kahawia 312, chungwa 13, buluu 675. Na wanafunzi wasijaribu kifaa cha mwenzao masikioni mwao, huo ni uchafu na sauti yaweza kuwa kubwa mno kwao.

Mwl_Zamu:
Asanteni sana. Google Classroom je? Na wazazi wasiosoma?

Kibodi_Tu:
Mzazi asiingie kwa msimbo wa darasa, maana ataingia kama mwanafunzi. Mwalimu humwalika kwa baruapepe kama mlezi, naye hupokea muhtasari wa kila siku au kila wiki: kazi ambazo hazijawasilishwa, zinazokuja, na yaliyofanyika darasani. Hii hufanya kazi kwenye akaunti za shule tu, na msimamizi awe ameiruhusu. Muhtasari hauonyeshi kazi yenyewe. Akitaka kuiona, akae na mtoto waifungue pamoja. Nenosiri aandike mwenyewe, mkufunzi ageukie pembeni. Mkufunzi akijikuta ameshalijua, libadilishwe siku hiyo hiyo.

Nukta_Sita:
Asiyesoma, mtengenezeeni kadi ya michoro: ubavu wa simu, vidole viwili juu ya vitufe vya sauti, vistari vitatu vya sekunde. Mchoreeni kwa kufuata simu yake hasa, maana kwenye nyingine vitufe viko upande wa pili. Maelezo mengine yarekodiwe kwa sauti, dakika moja isizidi, hatua moja kwa kila rekodi, ili akipotea arudie ile moja badala ya kuanza upya.