Miaka 14 wodi ya wazazi, nasaini vitabu vya wanafunzi: nikasomee kufundisha?

Mkunga wa West Nile ameuliza:

Salaam aleikum ndugu zangu wa afya. Mimi ni mkunga, mwaka wa 14 sasa kazini, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nilianza na cheti, nikapanda diploma, kisha shahada ya kwanza ya uuguzi nikaimaliza mtoto akiwa mgongoni. Miaka mitano hii mimi ndiye inchaji wa wodi ya wazazi, na kila muhula shule zinatuletea wanafunzi. Hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kufundisha. Nafanya vile nilivyofanyiwa: simama hapa, tazama, kesho utafanya wewe.

Kilichonileta hapa ni hiki. Mwezi uliopita, zamu ya usiku, mama wa uzazi wa tano alijifungua salama, kondo likatoka, mara damu ikafunguka. Aliyekuwa karibu naye ni mwanafunzi. Mimi nilikuwa kitanda cha pili nampokea mtoto mwingine. Binti huyu darasani ni wa mbele. Ukimuuliza sababu za mama kutokwa damu baada ya kuzaa, atakutajia zote nne bila kumeza mate. Usiku ule alisimama na glavu zake mkononi, anatazama shuka linavyobadilika rangi. Nilipofika nikaukanda mfuko wa uzazi, dawa ikaongezwa, mama akapona, alhamdulillahi.

Asubuhi nikakifungua kitabu chake cha mazoezi, kile ambamo tunasaini kila kazi mwanafunzi aliyoifanya wodini. Akina mama 20 aliowazalisha, wote wamesainiwa. Sahihi 11 ni zangu. Nikakaa kwenye benchi nikajaribu kukumbuka, kati ya hao 11, ni wangapi ambao mikono ya binti yule ndiyo iliyompokea mtoto. Niliwakumbuka watatu.

Sijatulia tangu siku hiyo. Nimesikia kuna masomo ya uzamili kwa watu wenye uzoefu kazini, ya kuongoza mafunzo ya vitendo ya wahudumu wa afya. Yananifaa mimi nisiyetaka kuiacha wodi? Au nichukue tu uzamili wa ukunga kama wenzangu? Nina watoto watatu, na Kampala kwangu ni safari ya usiku kucha kwa basi.

---

Mwalimu wa Mbale amejibu:

Sista, pole kwa usiku ule. Na ahsante kwa kukifungua kile kitabu, maana wengi tunakisaini kikiwa kimefungwa nusu, tena tumesimama mlangoni.

Mimi ni muuguzi, miaka 17, na sasa ni mkufunzi. Nilisoma uzamili wa elimu ya wataalamu wa afya Chuo Kikuu cha Makerere, pale Mulago, Kampala. Darasani tulikuwa madaktari, wauguzi, mfamasia mmoja, watu wa maabara, na hilo peke yake lilinifunza mengi. Niliingia nikidhani nakwenda kufundishwa kuandaa somo na kuandika ubaoni. Wiki za mwanzo tukapewa kitu cha Mmarekani mmoja, George Miller, alichokiandika mwaka 1990. Anapanga uwezo wa mwanafunzi kama ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anatenda. Binti yako yuko ngazi ya pili. Kitabu chake kinasema yuko ya nne. Kati ya hizo mbili ndipo mama yule alipokuwa anavuja damu.

Ndiyo maana nakwambia, uzamili wa ukunga utakufanya mkunga bora zaidi, na hilo ni jema. Ila kinachokukosesha usingizi hakimo mle. Wewe mikono yako inajua. Tatizo ni jinsi ya kuuhamisha ujuzi huo kutoka mikono yako kwenda mikono ya mwingine, halafu kuwa na uhakika kwamba umefika. Hilo lina elimu yake.

Nikupe mfano ambao unaweza kuutumia hata kesho. Kuna njia ya hatua nne tuliyofundishwa, inaitwa ya Peyton. Kwanza unafanya kazi yote kimya, kwa mwendo wako wa kawaida, wao wanatazama. Pili unafanya polepole ukieleza. Tatu, hapa ndipo penye siri, wewe unafanya lakini mwanafunzi ndiye anayekuamuru: sasa shika hapa, sasa vuta. Akikosea kukuamuru, unajua amekwama wapi kabla hajamgusa mgonjwa. Nne anafanya mwenyewe huku akisema. Nilifundisha hivyo kushona msamba, kwa kipande cha sponji la godoro kuukuu nilichokipasua kwa wembe. Mwanafunzi mmoja kila akiniamuru hatua ya tatu alikuwa anaruka kutafuta ncha ya juu ya mchaniko, pale sindano ya kwanza inapotakiwa kuingia. Miezi miwili wodini hakuna aliyeligundua hilo. Sponji lililigundua kwa dakika kumi.

Sasa uongozi. Watu wakisikia neno hilo wanafikiri ni kiti cha ofisini. Utafiti wangu wa kumalizia masomo niliufanya juu ya vitabu hivyo hivyo vya mazoezi, nikaona hospitali moja inapokea wanafunzi wa shule kadhaa siku ile ile, wodi moja, wakunga wawili. Hapo hata ungekuwa mwalimu hodari namna gani, utasaini tu. Nilichojifunza ni kwenda na karatasi kwa mkuu wa hospitali na wakuu wa shule, tukae meza moja, tukubaliane wanafunzi wangapi kwa zamu, nani anawasimamia, na kipi hakisainiwi mpaka kimeonekana kwa macho. Mazungumzo hayo yalichukua karibu mwaka. Mkuu mmoja wa shule alitoka mkutanoni kwa hasira, baadaye akarudi. Bila yale masomo nisingethubutu, maana nisingekuwa na hoja zaidi ya malalamiko.

---

Kliniki Ofisa, Lira amejibu:

Dada, nakubaliana na Mwalimu, ila niongeze la tumbo, kwa kuwa watoto watatu wanakula. Usiingie ukitegemea karatasi yenyewe itakupandisha ngazi ya mshahara. Serikalini cheo kinafuata nafasi iliyo wazi na usaili, iwe kwa tume ya utumishi ya wilaya au ile ya afya. Nina rafiki aliyerudi na uzamili wake akarudishwa zamu ile ile, mshahara ule ule, na akaumia sana moyoni.

Kwa hiyo kabla hujalipa shilingi moja, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi. Uliza waziwazi: nikirudi nitafanya nini? Kama wanaweza kukuandika kuwa mratibu wa mafunzo ya vitendo, hata bila nyongeza, utakuwa na mlango wa kuingilia kwenye ile meza. Na kama ni wao wanaokulipia, soma vizuri mkataba wa miaka utakayodaiwa kuwatumikia.

---

Mkunga wa West Nile amejibu:

Ahsanteni sana, Mwalimu na Kaka. Lile la mwanafunzi kuniamuru nimelisoma mara tatu. Mwalimu, niulize: hiyo ngazi ya nne unaipimaje? Mtihani wa vitendo shuleni wanapita wote. Na kuna anayejua habari za kusoma kwa mbali?

---

Mwalimu wa Mbale amejibu:

Ule mtihani wa vituo, ambapo mwanafunzi anazunguka meza hadi meza kengele ikilia, ulianzishwa na Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, ukachapishwa mwaka 1975. Ni mzuri, unatenda haki kwa sababu wote wanapewa kazi ile ile na kupimwa kwa orodha ile ile. Ila unapima ngazi ya tatu: anaonyesha. Kwenye kituo sanamu halitoki damu na mumewe halii mlangoni. Ngazi ya nne inapimwa palepale wodini, kwa kumtazama kidogo kidogo, mara nyingi, na watu tofauti. Unamtazama dakika kumi na mgonjwa halisi, unamwambia moja alilofanya vizuri na moja la kurekebisha, papo hapo, mkishanawa mikono. Unaandika. Ukiwa na maandishi ya namna hiyo manane kutoka kwa wakunga watano, unamjua mwanafunzi kuliko sahihi 20.

Na mrejesho usitolewe mbele ya mama mzazi. Hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa nilifanyiwa nikiwa na miaka 19, nikakaa mwaka mzima naogopa kushika sindano.

---

Mnubi wa Bombo amejibu:

Waaleikum salaam dada. Mimi ndiye nasoma kwa mbali, chuo cha Maastricht, Uholanzi, shahada ya uzamili ya elimu ya wataalamu wa afya. Ni miaka miwili ukiwa unaendelea na kazi, sehemu kubwa unasoma ukiwa kwako, na kuna vipindi vifupi vya kwenda kule. Ada ni nzito, sikufichi, bila ufadhili nisingeweza. Nasoma baada ya isha mpaka saa sita, bando langu nalinunua usiku lilipo nafuu. Kazi zao karibu zote wanakutaka uzifanye juu ya mahali pako pa kazi, kwa hiyo wodi inakuwa ndiyo kitabu chako. Hilo nimelipenda.

Chuo chochote cha nje utakachochagua, uliza mapema Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama wanaitambua shahada hiyo, maana ukirudi nayo ndio watakaoilinganisha na za hapa. Na vya nyumbani usividharau. Makerere yenyewe iligeuza mtaala wake wa udaktari mwaka 2003, wanafunzi wakaanza kujifunza kwa visa vya wagonjwa, na chuo cha Mbarara kimekuwa kikipeleka wanafunzi vijijini tangu kilipoanzishwa mwaka 1989. Walimu wanaoijua wodi yenye mkunga mmoja na akina mama tisa utawapata hapa kwa urahisi kuliko Ulaya.

---

Mkunga wa West Nile amejibu:

Nimerudi baada ya wiki mbili, mnisamehe, tulikuwa na zamu nzito.

Nimepeleka barua ya kuomba ruhusa ya masomo. Nimeandika kama Kaka wa Lira alivyosema, na nimetaja kazi ninayoitaka nikirudi. Nitaomba Makerere. Mama yangu amekubali kukaa na watoto siku nitakazokuwa Kampala.

Yule binti nilimwita. Nilimwambia kwamba sahihi zangu nane si za kweli na kosa ni langu, nikazikata kwa mstari mbele yake. Alilia, nikamwacha alie. Halafu tukachukua taulo, tukaikunja ikawa kama mfuko wa uzazi baada ya kujifungua, tukaifunika shuka. Nilifanya kimya. Nilifanya nikieleza. Mara ya tatu nikamwambia niamuru. Akasema, "Sista, ita msaada kwanza." Mimi katika mara zote mbili nilikuwa nimesahau kuita.

Kesho nina wanafunzi sita zamu ya asubuhi. Wawili nitawabakiza chumba cha kujifungulia, waliobaki nimewaombea nafasi kliniki ya wajawazito na wodi ya waliokwisha kujifungua. Mwalimu, hiyo fomu yenu ya dakika kumi, unaweza kunitumia nione mlivyoipanga?